Polisi Waliotaka Kukitangulia Kisu

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo twaujua sote, lakini katika malezi ya vijana mara nyingi twausahau. Kijana amchomapo mwenzake kisu ndipo tunapokimbia huku na huko: polisi akamate, daktari ashone, hakimu afunge, na mama wawili walie.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka mingi katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Vijana walijikusanya katika magenge ya mitaa, na kijana wa mtaa mmoja aliogopa hata kuvuka barabara kuingia mtaa wa pili. Katika mwaka wa 2004 hadi 2005, watu zaidi ya 130 waliuawa katika Uskoti nzima, na Glasgow ikapata sifa mbaya Ulaya yote.

Mwezi wa Januari 2005, polisi wa jimbo hilo waliunda kikosi maalumu cha kupunguza ukatili. Waanzilishi wake walikuwa John Carnochan, mpelelezi wa mauaji, na Karyn McCluskey, mchambuzi wa taarifa za polisi aliyesomea pia uuguzi. Wao waliutazama ukatili kama maradhi ya kuambukiza: huwezi kuyamaliza kwa kungoja wagonjwa mlangoni pa hospitali, bali huna budi kutafuta yanakoanzia.

Sheria haikulegezwa. Mwaka 2006 kifungo cha juu kwa mwenye kubeba kisu hadharani kiliongezwa kutoka miaka 2 hadi miaka 4. Lakini pamoja na ukali huo, ulifunguliwa mlango wa kutokea. Mwaka 2008 vijana wa magenge ya mashariki ya Glasgow waliitwa mahakamani, si kuhukumiwa, bali kusikiliza. Polisi waliwaambia kwamba wanajulikana, na kwamba mmoja wao akimwaga damu, kundi zima litaandamwa. Daktari mpasuaji aliwaeleza kisu kinavyoharibu mwili. Mama wa kijana aliyeathirika aliwasimulia uchungu wake. Kisha wakapewa namba ya simu: atakaye kuacha atasaidiwa kupata mafunzo na kazi. Njia hiyo ilitokana na mfano wa mji wa Boston, Marekani, ulioanza katika miaka ya 1990.

Baada ya miaka kumi hivi, idadi ya wanaouawa Uskoti kwa mwaka ilikuwa imepungua kwa kadiri ya nusu. Sifa hiyo si ya polisi peke yao. Walimu, wauguzi na wazazi nao walifanya sehemu yao.

Jambo moja latuhusu sisi wa kambini zaidi ya yote. Carnochan, polisi wa miaka mingi, alisema kwamba angepewa hiari ya kuongezewa askari 1,000 au wauguzi 1,000 wa kuwatembelea akina mama na watoto wachanga, angewachagua wauguzi. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hujifunza nyumbani, kabla ya kuanza shule, namna ya kuituliza hasira yake.

Ndugu askari, mtoto amwonapo baba akimpiga mama, hujifunza kwamba ngumi ndiyo yenye neno la mwisho. Amri za gwaride ziache kazini. Mwanao akikosa, mwonye bila kumwumiza, nawe umsikilize. Wajue rafiki zake. Akishindwa masomo, mtafutie fundi wa kumfunza kazi kabla hajapata genge la kumpokea. Silaha yako isiwe kitu cha kuchezewa wala cha kujivunia mbele yake.

Nawe mama, usimfichie baba makosa ya mwana kwa kuogopa kipigo, shaurianeni mapema.

Basi jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mwulizeni kijana wenu alishinda na nani, kisha mngojeni amalize kujibu.