SOMO LA REDIO: KUUTAMBUA NA KUUELEZA MDOLI WA KUUZA

Shikeni kalamu na daftari. Leo tutajifunza kuandika maelezo ya kitu cha kuuza, na kitu chetu ni mdoli wa manyoya.

Mtauliza: mdoli una faida gani kwa mtu mzima? Sikilizeni. Katika robota la mitumba hutoka nguo, na mara nyingine hutoka midoli iliyokwisha kuchezewa ng'ambo. Iliyo mingi huuzwa kwa fedha kidogo, mtoto akafurahi, basi. Lakini wako watu wanaokusanya midoli ya zamani, kama wengine wakusanyavyo stempu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Lakini mnunuzi aliye mbali haushiki mdoli mkononi. Maneno yako ndiyo macho yake.

Kwanza, tafuta alama. Tazama masikio, kisha mishono. Kampuni ya Steiff, ya mji wa Giengen huko Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1880 na Margarete Steiff, mwanamke aliyepooza miguu tangu utoto akaishi kwa kushona. Tangu mwaka 1904, yaani mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza, kampuni hiyo hutia kifungo kidogo cha chuma katika sikio la mdoli, ili wa kweli utofautike na wa kuigiza. Kampuni ya Ty, ya Marekani, hutumia lebo nyekundu yenye umbo la moyo.

Haya yasiwatie tamaa. Katika miaka ya 1990 watu wengi walinunua midoli ya Ty iitwayo Beanie Babies wakitumaini utajiri. Leo iliyo mingi haina bei kubwa. Mkusanyaji hutafuta mdoli ulio adimu, usioharibika, na wenye alama zake. Kwa hiyo usikate lebo, wala usifue mdoli kabla ya kuisoma. Ukiona neno Germany, hiyo ni Ujerumani.

Pili, pima kwa rula, useme umepima kutoka wapi hadi wapi.

Tatu, taja rangi, macho kama ni ya kioo au plastiki, na kilichojazwa ndani: pamba, nyuzi za mbao, au punje za plastiki. Bonyeza polepole, utajua, usipasue.

Nne, taja kasoro zote.

Sasa sikilizeni maelezo ya kwanza: "Nauza mdoli mzuri sana wa zamani." Je, tumejua nini? Hatukujua kitu. Sikilizeni ya pili:

"Nauza dubu wa manyoya, rangi ya kahawia. Urefu wake kutoka kichwani hadi unyayoni ni sentimita 30. Macho ni ya plastiki, yote mawili yapo. Katika sikio la kushoto pana tundu dogo, lakini hakuna kifungo. Lebo haipo. Mshono wa mguu umefumuka sentimita 2. Sijui alitengenezwa wapi. Yupo Majengo, Songea."

Angalieni maneno "sijui alitengenezwa wapi." Muuzaji huyu ameona tundu sikioni, lakini hakusema kwamba dubu ni wa Steiff. Tundu si kifungo; huenda lilitobolewa na mtoto. Angalisema uongo, pengine angalipata fedha nyingi siku hiyo. Kisha mnunuzi angaligundua, angalidai fedha zake, na jina la muuzaji lingaliharibika sokoni. Njia ya mwongo ni fupi. Tena muuzaji aliyetaja mshono uliofumuka huaminiwa hata anapotaja uzuri.

Basi andikeni zoezi hili:

1. Kwa nini lebo isikatwe?
2. Taja mambo manne ya kutazama katika mdoli.
3. Chukua mdoli, au kitu cho chote cha nyumbani, uandike sentensi sita za kukieleza. Neno "kizuri" lisiwemo. Msomee jirani asiyekiona, kisha mwonyeshe. Akishangaa, andika tena.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.