Kumchora mama kwa penseli 12

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Kipindi hiki ni chako, uwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au kambi nyingine yoyote. Leo tunajibu swali ambalo wachoraji wanaulizana sana kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu ana boksi la penseli za rangi 12. Anataka kumchora mama yake aliyefariki, lakini kila akipaka kahawia, uso unatoka kama ukuta wa udongo. Afanyeje?

Swali hili si la mchezo. Wengi wetu tulikimbia bila kubeba picha hata moja. Sura ya mzazi imebaki kichwani tu.

Tuanze na penseli yenyewe. Ndani yake mna unga wa rangi uliochanganywa na nta au mafuta. Karatasi nayo si laini kama kioo; ina vishimo vidogo sana. Ukipaka kwa mkono mwepesi, vishimo vinabaki na nafasi ya kupokea rangi nyingine. Ukikandamiza tangu mwanzo, vinajaa, rangi ya pili inateleza, na raba haitaifuta vizuri. Kwa hiyo paka tabaka nyepesi, moja juu ya nyingine.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa chukua karatasi ujaribu. Ngozi yetu haina rangi moja. Anza na njano au rangi ya chungwa, kidogo tu, uso mzima. Sehemu zinazong'aa, kama paji la uso na ncha ya pua, ziache nyeupe au zipake kidogo sana. Tabaka la pili ni nyekundu, hasa mashavuni na midomoni. La tatu ni kahawia. Kwenye vivuli, chini ya kidevu na kando ya pua, weka bluu au zambarau juu ya kahawia. Utaona kivuli kinakuwa kizito bila kuonekana kama masizi. Nyeusi iweke mwisho, kwenye mboni ya jicho na matundu ya pua.

Kabla ya kugusa picha, jaribu rangi zako kwenye kipande cha karatasi pembeni. Na usiiangushe penseli: risasi yake huvunjika ndani, kisha kila ukichonga inadondoka.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa, ukishapata njia inayokufaa, uwafundishe wenzako. Picha iliyokamilika peke yake inafurahisha macho, lakini haifundishi. Piga picha tatu: baada ya tabaka la kwanza, katikati, na mwisho. Pigia karibu na mlango mchana, pasipo jua kali, wala usiwashe taa ya simu, maana nta inang'aa na kuficha rangi. Andika majina ya rangi na mpangilio wake: njano, nyekundu, kahawia, bluu. Namba za boksi lako hazimsaidii mwenye boksi jingine. Kama bando ni dogo, maneno hayo manne tu yanatosha kumsaidia mwenzako.

Ukiomba ushauri, sema umekwama wapi: "Shavu la kushoto linaonekana bapa." Ukimjibu mwenzako, mwambie kosa liko wapi na alirekebishe vipi. "Safi sana" haimsogezi mbele, na kumcheka kunamfanya aweke penseli chini.

Jambo la mwisho ni usalama. Ukimchora mtu aliye hai, muombe ruhusa kabla ya kuituma picha. Usiandike jina lake, namba ya nyumba wala kijiji alichotoka. Hujui nani mwingine yumo kundini. Na kama unamtafuta ndugu mliyepotezana, usitegemee mchoro kwenye simu. Waone wahudumu wa Msalaba Mwekundu wanaoshughulikia kuunganisha familia. Huduma hiyo hailipiwi.

Wiki hii basi, chora jicho moja tu, kwa tabaka nne. Likikubali, jicho la pili halitakusumbua.

[MUZIKI WA KUFUNGA]