Mtoza ushuru aliyemchora Mroma

Kwa miaka 22 Henri Rousseau alisimama kwenye vizuizi vya kuingilia jiji la Paris, akikagua mizigo. Alikuwa karani wa daraja la pili, akitoza ushuru wa jiji kwa bidhaa zilizoingia kutoka nje. Marafiki walimwita "Ofisa wa Forodha", ingawa cheo hicho hakuwahi kukipata.

Uchoraji hakuusomea. Mwaka 1893, akiwa na miaka 49, aliacha kazi ili achore. Miaka minne baadaye alionyesha picha ya rangi ya mafuta aliyoiita "Mroma Aliyelala". Mwanamke mwenye ngozi nyeusi amelala mchangani chini ya mwezi mpevu, amevaa vazi la mistari ya rangi nyingi. Fimbo iko mkononi, mandolini na mtungi wa maji viko kando yake. Simba amemkaribia na kumnusa, lakini hamdhuru.

Mwaka 1898 Rousseau alimwandikia meya wa Laval, mji alikozaliwa, akitaka mji uinunue kwa faranga 1,800 hadi 2,000. Alieleza kuwa mwanamke huyo ni mpiga mandolini asiye na makao, aliyezidiwa na uchovu. Meya alikataa. Rousseau alifariki mwaka 1910 akiwa maskini.

Waroma wenyewe asili yao ni kaskazini mwa India, na walifika Paris katika karne ya 15. Waliishi kwa kutengeneza vyombo vya chuma, kuuza farasi, kusuka vikapu na kupiga muziki, wakihama kutoka soko hadi soko. Watu walifurahia bidhaa na muziki wao, lakini wenye mamlaka waliwatilia shaka.

Mwaka 1912, miaka miwili baada ya kifo cha mchoraji, Ufaransa ilipitisha sheria iliyowalazimu wasafiri wasio na makazi ya kudumu kubeba kitabu chenye picha, alama za vidole na vipimo vya mwili. Kitabu hicho kiligongwa muhuri walipofika mahali na walipoondoka. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1969, lakini vitabu vya safari vya aina nyingine viliendelea hadi 2017. Anayeishi kwa kuvuka mipaka na mzigo wake anajua uzito wa muhuri mmoja: ukikosekana, siku ya soko imepotea.

Picha yenyewe ilisafiri bila shida kama hizo. Iliibuka tena Paris mwaka 1924, ikanunuliwa na mkusanyaji wa Marekani, John Quinn, na baada ya kifo chake ikauzwa kwa mnada mwaka 1926. Tangu 1939 ipo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, ambako wageni kutoka nchi nyingi husimama kuitazama. Mji wa Laval, ulioikataa kwa faranga 1,800, hauna picha hiyo hadi leo.