Je, Wajua? Mama, Buibui na Lango la Mpaka

JE, WAJUA kwamba sheria za mwenendo wa makosa ya jinai, Kenya na Tanzania, zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha? Si jambo lililoletwa juzi na semina. Limo vitabuni miaka mingi. Basi kizuizi cha barabarani chenye askari wanane, wote wanaume, kina njia mbili tu: kivunje sheria, au kimpungie mkono kila mama apite bila kuguswa. Pengo hilo wapangaji wa mashambulizi wamelisoma zamani.

Tarehe 3 Desemba 2009, katika Hoteli ya Shamo mjini Mogadishu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Benadir walikuwa wakihitimu. Mwanamume aliyevaa kike, uso kaufunika, aliingia ukumbini akajilipua. Mawaziri watatu walikufa pamoja na wahitimu na wageni wao. Mmoja wa mawaziri hao alikuwa Qamar Aden Ali, waziri wa afya, mmoja wa wanawake wachache mno serikalini.

Na je, wajua kwamba Juni 2011 waziri wa mambo ya ndani wa Somalia, Abdi Shakur Sheikh Hassan, aliuawa nyumbani kwake na binti wa ukoo wake mwenyewe, mpwa wake? Au kwamba Julai 2019 mwanamke aliyejilipua katika ofisi za meya wa Mogadishu alikuwa mfanyakazi wa manispaa hiyohiyo, tena mwenye ulemavu wa macho? Meya Abdirahman Omar Osman alifariki siku chache baadaye hospitalini Doha.

Mombasa nayo ina lake. Septemba 11, 2016, wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi wakisema wamekuja kuripoti simu iliyoibwa. Walikuwa na kisu na bomu la petroli. Wote watatu walipigwa risasi wakafa.

Sitaji haya ili kila mwenye buibui atazamwe kwa jicho la shaka. La hasha. Tazama kilichotokea Chad. Juni 15, 2015, N'Djamena ilishambuliwa. Siku mbili baadaye serikali ikapiga marufuku vazi la kufunika uso. Hata mwezi haukuisha: Julai 11, mwanamume aliyejifunika kike alifika kwenye lango la soko kuu, akasimamishwa akaguliwe, akajilipua palepale na kuua watu kadhaa. Marufuku haikumzuia kulivaa vazi. Aliyemzuia asiingie katikati ya umati ni mkaguzi wa langoni.

JE, WAJUA kwamba Iraq ililitatua hilo kwa njia rahisi ajabu? Mwaka 2008, wanawake waliojilipua walipozidi, wanawake wa mitaa ileile walifundishwa kupekua wanawake wenzao vizuizini. Waliitwa Mabinti wa Iraq. Hapakuwa na mtambo wala sheria mpya. Ni mikono ya kike mahali ilipokosekana.

Mwanamke huyohuyo anayeogopwa, mara nyingi ndiye aliyetekwa. UNICEF ilihesabu watoto 117 waliotumiwa kubeba mabomu hadharani Nigeria, Chad, Niger na Cameroon, tangu 2014 hadi Machi 2017, na sehemu kubwa sana yao walikuwa wasichana. Fikiria msichana aliyewatoroka watekaji wake msituni, akatembea usiku kucha, akakiona kizuizi cha jeshi asubuhi akadhani ameokoka. Askari naye anaona bomu linakuja. Kati ya hao wawili panahitajika mtu aliyefunzwa: ajue kumsimamisha kwa mbali bila kumwua, ajue lugha yake, na awepo mwanamke wa kumsogelea. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana nzima ya ulinzi unaojali jinsia. Maisha mawili yanategemea nani amepangwa zamu asubuhi hiyo.

JE, WAJUA kwamba kosa la kutomwona mwanamke lina upande wake wa Ulaya? Februari 2015 wasichana watatu wa shule, wawili wa miaka 15 na mmoja wa 16, walipita uwanja wa ndege wa Gatwick, London, wakapanda ndege ya Istanbul, wakaishia Syria kwa kundi la Dola la Kiislamu. Jicho lililozoea kutafuta kijana wa kiume mwenye ndevu haliwaoni wasichana kama hao.

Mwezi Desemba 2017 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2396 kuhusu wapiganaji wanaorejea makwao, likitaja waziwazi wake zao na watoto wao. Miezi kumi na mitano baadaye, Machi 2019, ngome ya mwisho ya Dola la Kiislamu huko Baghouz, Syria, ilianguka, na kambi ya Al-Hol ikafurika watu zaidi ya 70,000. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wanawake na watoto. Nani kati yao alikwenda kwa hiari, nani alidanganywa, nani aliozwa kwa nguvu? Ofisa wa uhamiaji anayempokea mmoja wao hawezi kulijibu hilo kwa kuangalia pasipoti.

Sasa turudi nyumbani, Busia.

JE, WAJUA kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli zikivusha watu na mizigo? Na mizigo mingi ni ya kina mama: nyanya, mayai, dagaa, mitumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewawekea utaratibu mwepesi. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na hazilipiwi ushuru wa forodha. Februari 2018 Busia ikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja, msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Namanga ikafuata Desemba mwaka huohuo.

Lakini mama mwenye tenga la nyanya hapimi mpaka kwa jengo jipya. Anapima kwa maswali yake: Nitadaiwa kitu kidogo? Nitashikwashikwa? Mzigo utakaa juani mpaka uoze? Choo kipo? Jibu likiwa baya, anakwenda njia za panya. Na njia za panya hazichagui mpitaji. Kichochoro anachopita yeye na mayai yake ndicho anachopita mwenye bunduki, na mwenye kusafirisha wasichana kwa ahadi ya kazi za ndani. Kila mama anayesukumwa kutoka langoni anaongeza umati wa kujifichia huko vichakani, na jicho moja linalojua nani mgeni na nani mwenyeji linapotea kwa serikali. Kwa sababu mama huyo anajua. Anapita kila siku. Anajua nyumba iliyopangishwa na watu wasiosalimia, anajua kijana wa jirani aliyebadilika ghafla. Ila hatamwambia askari aliyempapasa wiki iliyopita.

Hapa nina neno. Zipo programu nyingi zinazomwambia mama: chunguza mwanao, uje utuambie. Kumgeuza mama mpelelezi bila kumlinda ni kumweka kati ya visu viwili. Akinyamaza ataitwa mshirika. Akisema, wenye bunduki watajua alikopita. Apewe kwanza mahali salama pa kusemea, na ahadi kwamba mwanawe atafikishwa mahakamani, hatapotea.

Aprili 2014 ilituonyesha imani inavyovunjika. Katika msako wa Usalama Watch jijini Nairobi, karibu watu 4,000, wengi Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mashirika ya haki yaliripoti watoto walioachwa nyuma bila wazazi, wengine wangali wananyonya. Mama aliyepitia hayo, utamwomba taarifa mwaka gani?

JE, WAJUA kwamba Wajir, kaunti inayopakana na Somalia, ilionja amani kupitia sokoni? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na jambo dogo: kila mama wa kila ukoo auze na anunue sokoni bila kubughudhiwa. Wakaweka waangalizi wao wenyewe. Kutoka sokoni wakawafikia wazee, kutoka kwa wazee wakawafikia vijana wenye silaha na serikali. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Ukingo wa kusini nako, Mto Ruvuma. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, imekuwa ikikimbiwa, na Palma ilipovamiwa Machi 2021 maelfu walitawanyika porini na baharini. Wanawake na wasichana wengi wametekwa katika vita hivyo. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto. Wengi wa pwani ile wanasikilizana kwa Kiswahili, Kimwani au Kimakonde. Mwanamke anayevuka akiwa amebakwa hatalisema hilo mbele ya ofisa wa kiume huku mkalimani ni mjomba wake. Atasema anaumwa kichwa. Na habari za kambi alikofungwa, ambazo jeshi lolote lingezitamani, zitabaki kifuani mwake.

Kwa haraka: azimio namba 1325 la Baraza la Usalama, mama wa maazimio yote kuhusu wanawake, amani na usalama, lilipitishwa Oktoba 31, 2000, Baraza likiongozwa na Namibia. Miezi mitano kabla, mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa umetoa Azimio la Windhoek juu ya jambo hilohilo. Azimio namba 2242 la Oktoba 2015 ndilo lililoingiza mapambano dhidi ya ugaidi katika ajenda hiyo. Na mpango wa kwanza wa kitaifa wa Kenya, uliozinduliwa Machi 8, 2016, ulipewa jina la Kiswahili: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani.

La mwisho ni la Desemba 21, 2015. Basi la kutoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, kwenye njia za Mandera, abiria 28 walikuwa wametengwa na kuuawa kwa kutokuwa Waislamu. Safari hii wavamizi walitaka abiria wajigawe tena, na abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi; alifariki Januari 2016. Wanawake Waislamu waliokuwa ndani ya basi walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu za kujifunika, wasitambulike. Mitandio ilipita kutoka kichwa hadi kichwa, kwa haraka, kabla wenye bunduki hawajapanda ngazi.