Pikipiki za Warszawa

Polandi ni nchi ya Ulaya, jirani ya Ujerumani upande wa mashariki. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja watu wake walitawaliwa na Warusi, Wajerumani na Waaustria. Mwaka 1918, vita kuu vya kwanza vilipokwisha, Wapolandi walipata tena uhuru wao. Nchi walikuwa nayo, lakini viwanda vilikuwa haba. Magari ya askari wao yalitoka nchi nyingi, hata chuma cha gari hili hakikufaa kutiwa katika gari lile.

Katika Warszawa, mji mkuu, palikuwa na karakana kubwa ya kutengeneza magari ya askari. Jina lake Centralne Warsztaty Samochodowe, lakini watu waliiita kwa herufi tatu tu: CWS. Mafundi wake hawakutaka kukaa siku zote wakitia viraka katika kazi ya wengine. Mmoja wao, Tadeusz Tański, alibuni motokaa ambayo nati zake karibu zote zilikuwa za kipimo kimoja. Fundi aliweza kuifungua injini yake kwa ufunguo mmoja, na kuifunga tena kwa ufunguo huo huo. Huo ndio ufundi!

Kisha wakajaribu kuunda pikipiki. Askari walitaka pikipiki kubwa na yenye nguvu. Kwa nini? Kwa sababu njia nyingi za Polandi zilikuwa za mchanga na matope, na wakati wa baridi zilijaa theluji. Tena kando ya pikipiki hufungwa kigari cha gurudumu moja, ambamo askari wa pili hukaa pamoja na bunduki ya mtombo na mizigo yake. Injini ndogo haiwezi kuvuta hayo yote.

Sasa angalieni jinsi injini hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya silinda, petroli iliyochanganyika na hewa huwashwa kwa cheche. Inalipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni inazungusha mtaimbo, na mnyororo unapeleka mzunguko huo mpaka gurudumu la nyuma, kama katika baisikeli. Silinda zikiwa mbili, pistoni hupokezana, na nguvu huongezeka. Katika pikipiki ya Warszawa silinda mbili zilisimama zimeachana juu, mfano wa vidole viwili vilivyopanuliwa.

Pikipiki ya kwanza ilitokea mwaka 1929, ikaitwa CWS M55. Waliobuni walikuwa wamechungua pikipiki mbili mashuhuri za Marekani, Harley-Davidson na Indian, wakatwaa mfano huku na huku. Kwa macho ilipendeza. Njiani ilikuwa taabu tupu. Iliharibika mara kwa mara, na askari hawakuridhika nayo. Ziliundwa kama 200 tu, kisha kazi ikasimamishwa.

Kuiga mashine si kazi nyepesi. Mtu akiifungua mashine ya mwenzake aweza kupima urefu na unene wa kila kipande. Lakini macho hayamwonyeshi chuma kile kilichomwa kwa moto wa namna gani, wala kilipozwaje ili kiwe kigumu.

Karakana hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya viwanda vya Serikali, vilivyoitwa Państwowe Zakłady Inżynierii. Mhandisi Zygmunt Okołów akapewa kazi ya kuibuni pikipiki upya. Mwaka 1933 pikipiki mpya ilianza kutoka kiwandani, nayo ikaja kuitwa Sokół 1000. Sokół maana yake kipanga. Ilikuwa nzito, kilo 270 bila kigari, lakini ilivumilia matope na mchanga. Zikaundwa zaidi ya 3,000.

Baadaye mhandisi Tadeusz Rudawski alibuni Sokół 600, yenye silinda moja. Hiyo ilinunuliwa hata na raia. Tena ikafuata Sokół 200, ndogo zaidi, iliyotazamiwa kuuzwa kwa watu wengi. Walakini hazikutoka nyingi, maana tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Wajerumani yaliingia Polandi. Askari wa pikipiki wa Kanali Stanisław Maczek walipigana nao kusini, katika nchi ya milima. Mwezi ule ule Warszawa ikatekwa, na kazi ya kuunda pikipiki za Sokół ikakatika.

Mwaka 1947, mji ukiwa bado magofu mengi, pikipiki yenye jina la Sokół ilitoka tena Warszawa. Ilikuwa nyepesi, na injini yake ilikuwa ndogo mara nane kuliko ile ya zamani.

Zile kubwa hazikuundwa tena. Zilizosalia hutunzwa sana na wenyewe huko Polandi, na kipande kikivunjika, mara nyingi fundi hana budi kukichonga mwenyewe.