Kuusoma Mstari wa Matumizi ya Mafuta

Bei ya gari hulipwa mara moja; mafuta hulipiwa muda wote gari linapotembea. Kwa hiyo mnunuzi wa gari lililotumika, awe Musoma, Bunda au Butiama, twamshauri azitazame kwanza grafu za mstari zilizomo katika intaneti. Humo aweza kuchagua aina za magari na miaka, kisha akaigusa nukta yoyote aone tarakimu yake.

Aanze na kipimo kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima. Japani hutaja kilomita kwa lita moja. Nchi za Ulaya bara hutaja lita kwa kilomita 100. Mstari ukipanda katika kipimo cha kwanza, ni nafuu. Ukipanda katika cha pili, ni hasara.

Mwaka wa gari nao si dhamana. Magari mapya ya Marekani yalifikia wastani wa kilomita 9 na kitu kwa lita mwaka 1987, kisha mstari ukashuka hadi takriban 8.2 mwaka 2004, kwa kuwa wanunuzi walihamia magari makubwa na mazito. Kwa magari ya Japani ipo tahadhari nyingine: mwaka 2011 kipimo cha JC08, kilicho kikali zaidi, kilianza kuchukua nafasi ya kile cha 10-15. Tarakimu za vipimo hivyo viwili hazilinganishwi.

Gari likishanunuliwa, mstari wenye faida zaidi ni ule anaouchora mwenye gari. Jaza tangi, andika kilomita za kwenye dashibodi, na utakapojaza tena gawanya kilomita ulizotembea kwa lita za kwenye stakabadhi. Kilomita 450 kwa lita 36 ni 12.5. Usichore shilingi, maana bei kikomo ya EWURA hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huwa tofauti kati ya mji na mji. Shilingi zikipanda nazo kilomita kwa lita zimetulia, kilichobadilika ni bei. Kilomita zikishuka mfululizo katika njia ileile na mzigo uleule, kagua upepo wa matairi na kichujio cha hewa. Zikishuka tu kila ujazapo kituo fulani, shuku lita zenyewe: tunza stakabadhi hizo na uwasilishe malalamiko Wakala wa Vipimo.