Safari ya meli Tanga hadi Pemba: mtoto ale na anywe nini?

Umepandishwa daraja la juu kwenye meli ya kwenda Pemba, na soda, juisi na vitafunwa vimo ndani ya tiketi. Ni raha kwa familia, lakini si kila kinacholetwa mezani kinamfaa mtoto.

Chini ya miezi 6: Mpe maziwa ya mama pekee. Hata kukiwa na joto, hahitaji maji wala juisi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Miezi 6 na zaidi: Endelea kumnyonyesha na mpe maji safi na salama. Soda ina sukari nyingi na haitibu kichefuchefu. Chai hupunguza madini chuma mwilini. Aliye chini ya miaka 5 usimpe korosho au karanga nzima, zinaweza kumpalia.

Chakula: Kabla ya kupanda, mpe chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Ndani ya meli, chagua kilicho cha moto. Wali au samaki aliyekaa kwenye joto zaidi ya saa 2, usimpe.

Akitapika: Subiri dakika 10, kisha mpe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji salama, soma maelezo. Yakipita saa 24, yamwage.

Mkifika nchi kavu, mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, amelegea, macho yamedidimia, au kinyesi kina damu.